Wabanguaji wa Newala na Mkeka Waliokataa Kuukalia

Kwa wenzangu mnaoendelea kukalia viti nilivyoviacha: nimeombwa niandike kumbukumbu za utumishi wangu katika idara ya mafunzo, na aliyeniomba alisisitiza kwamba nieleze mafanikio na changamoto. Nimelitafakari ombi hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili, kama ilivyo desturi yangu, na nimeamua kutolitekeleza. Kuhusu vyeo sina la kusema, kwa kuwa vingi nilipandishwa na watu waliotaka niondoke katika ofisi zao. Kuhusu mshahara, mwajiri wetu ni mmoja, basi tusiongezeane huzuni. Nitaandika juu ya Newala, juu ya korosho, na juu ya mkeka mmoja ambao ulinifundisha kazi hii kuliko chuo kikuu.

Nilifika Masasi nikiwa na shahada mpya ya uzamili na moyo uliotikisika. Tasnifu yangu ilihusu upangaji wa nguvukazi katika viwanda vya umma. Wiki niliyoipeleka kwa mpiga chapa, redio ilitangaza kwamba viwanda vya umma vitatafutiwa wanunuzi, na visivyopata wanunuzi vitafungwa. Msimamizi wangu, mtu mpole sana, alinishauri nisiharibu kazi nzima kwa sababu ya taarifa ya habari; nibadilishe tu nyakati za vitenzi, kila palipoandikwa “kitaajiri” paandikwe “kilikuwa kikiajiri”. Nikabadilisha, nikafaulu. Lakini mtu aliyesimama mbele ya jopo la maprofesa akatetea kwa ufasaha kitu ambacho hakipo hawezi kutoka mzima. Tangu siku ile, kabla ya kuandika ripoti juu ya jengo lolote, huligusa kwanza kwa mkono.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, soko huria lilipokuwa linashuka kutoka redioni na kuingia mashambani. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao wakachukua korosho ghafi kwa magunia, ambazo zingekwenda kubanguliwa ng’ambo. Kiwanda cha kubangulia kikanyamaza. Wafanyakazi wakapunguzwa, neno ambalo mpaka leo nalistaajabia, maana anayepunguzwa huwa haondolewi sehemu yake, huondolewa mzima. Serikali ikatenga fungu la kuwafunza upya waliopunguzwa ili waweze kuingia katika soko jipya la ajira. Lilikuwa wazo jema, na bado naliona jema: anayemsukuma mtu kwa mkono mmoja amshike kwa mkono wa pili. Tatizo ni kwamba mikono hiyo miwili ilikuwa katika wizara mbili tofauti, na hazikuwa zikisalimiana.

Siku yangu ya kwanza pale Masasi nilipokelewa na Mzee Nambunga, mzaliwa wa Chiwata, fundi mkuu wa karakana ya kituo cha mafunzo. Alikuwa amelala chini ya Land Rover ya ofisi, nami nikaisalimia miguu yake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Ndiye wewe wa mafunzo?”

“Ndiye mimi.”

“Umesomea nini?”

Nikamweleza kwa ukamilifu, pamoja na mbinu za utafiti. Miguu ikasikiliza kwa subira.

“Na kazi ya mikono, unajua ipi?”

Nikafikiri kwa uaminifu, nikamjibu kwamba najua kupiga taipu.

“Aa,” akasema kutoka chini ya gari. “Kumbe hukuja kufundisha. Umekuja kufundishwa. Tutaangalia nani atakuchukua.”

Sikuchukia, kwa sababu nilidhani ni mzaha. Mzee Nambunga ndiye aliyenipa kanuni pekee ya kazi ambayo sijawahi kuivunja: usitie saini ya kupokea mashine kabla hujaibeba mwenyewe kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ukiibeba, alisema, utajua kama mwanamke wa kijijini ataweza kwenda nayo nyumbani, au kama umenunua sanamu. Nimewaona wakurugenzi wengi wakinunua sanamu.

Fani za kufundishwa zilikuwa zimekwisha kuchaguliwa makao makuu kabla sijafika. Zilikuwa tatu: ushonaji, uokaji wa mikate, na ufugaji wa samaki. Nilipanda nazo uwandani kwenda Newala, mji uliokaa ukingoni kabisa, ambapo ukichungulia unaliona bonde la Ruvuma limejaa kijani na maji, na ukigeuka unauona mji mzima umejaa ndoo tupu. Nilipata chumba kwenye nyumba ya wageni ambapo kila asubuhi niliwekewa kopo moja la maji mlangoni. Nikajifunza kunawa uso, kupiga mswaki na kunyoa ndevu kwa kopo hilohilo, kwa mpangilio ambao ningeweza kuuandikia tasnifu ya pili.

Waliopunguzwa walinisubiri nje ya geti la kiwanda, chini ya paa la kibanda cha mlinzi. Wengi walikuwa wanawake, wabanguaji. Mbele yao alikaa Mama Rashidi wa Mnyambe, aliyekuwa nyapara wa mstari wa kubangua, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuzishinda ngurumo za injini zote za kiwanda, sauti ambayo hakuwa ameipunguza hata baada ya injini kuzimwa. Vidole vyake vilikuwa na madoa meusi ya mafuta ya ganda la korosho, mafuta yanayochoma ngozi kama tindikali ya betri ya gari. Nikawasalimu, nikasoma fani kwa sauti rasmi.

“Samaki,” akasema Mama Rashidi. “Hebu rudia hapo, mwanangu.”

Nikarudia.

“Maji ya kunywa nayafuata bondeni, napanda nayo kichwani mpaka shingo inaingia mabegani. Halafu nikifika, niwape samaki waogelee?”

“Mama Rashidi,” akadakia mwenzake, “na wewe ungeingia humohumo, ukaoga.”

Kikapigwa kicheko kikubwa. Nikahamia kwenye ushonaji.

“Mitumba imejaa gulioni,” akasema Mama Rashidi. “Nikishona gauni, nani atalivaa? Wewe?”

Kuhusu mikate waliniuliza ngano inalimwa wapi Newala, nami nikajibu kwamba nitafuatilia. Jibu hilo, wenzangu, mtalitumia sana. Hakikisheni tu kwamba mnalitamka mkiwa tayari mmesimama kuondoka.

Nilipofunga faili ndipo Mama Rashidi aliposema walichokuja kusema. Walitaka mashine ndogo za kubangulia, zile za mezani zinazokanyagwa kwa mguu, ili wafanye nyumbani kazi waliyokuwa wakiifanya kiwandani. Wapishi wa hoteli, wauza vitafunio wa stendi ya Masasi na wasafiri wa Mtwara walitaka korosho iliyobanguliwa, nyeupe na nzima, na tangu kiwanda kifungwe hakuna aliyekuwa akiwapa.

“Wanaume wetu wana mikorosho,” akasema. “Wao watauza ghafi kwa hao wenye malori. Lakini humu kuna wajane, kuna walioachwa, kuna wasiokuwa hata na mkorosho mmoja. Shamba lao ni hii.” Akanyanyua mikono yake miwili yenye madoa. “Mnatuambia hii haina kazi tena. Mimi nasema mashine ndiyo hamna. Mikono ipo.”

Basi mjue kilichokuwa hatarini. Fungu letu lilikuwa la mwaka mmoja wa serikali. Mwaka huo ukimalizika bila mafunzo kufanyika Newala, lingerudi hazina na Newala ingefutwa kwenye mpango, kwa maelezo kwamba wananchi hawakuhamasika. Vifaa vilitolewa kwa wahitimu wa mafunzo tu. Hakuna mafunzo, hakuna mashine. Hakuna mashine, wanawake wale wangebaki na mikono yao wakiyatazama malori.

Kikwazo kilikuwa mwongozo. Ulisema waziwazi kwamba mtu hawezi kufunzwa upya katika kazi aliyopunguzwa, kwa kuwa kazi hiyo imekufa. Hapo ugonjwa wangu wa kufikiri kupita kiasi ulisaidia kwa mara ya kwanza. Niliandika waraka mrefu nikithibitisha kwamba kubangua kiwandani na kubangua nyumbani ni fani mbili zisizo na undugu: moja ni ya mstari na nyingine ni ya meza, moja huendeshwa na kengele na nyingine huendeshwa na mtoto anayelia. Nilitumia nadharia. Nilichora mchoro wenye mishale. Makao makuu wakakubali upesi mno kiasi kwamba nilikosa usingizi, nikitafuta kosa langu. Baadaye niligundua kwamba hawakuvuka ukurasa wa kwanza. Walipenda kichwa cha habari, “Uchakataji Mdogo wa Mazao ya Miti”, wakahisi kinafanana na kitu ambacho wafadhili wangekipenda.

Wakatuletea mkufunzi, Mwalimu Tumaini, binti aliyetoka kumaliza chuo cha mambo ya vyakula kule Morogoro. Alishuka na sanduku lenye mashine moja ya mfano, akakabidhiwa kwa saini yake kama kifaa cha mkufunzi. Mzee Nambunga akaibeba kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, akaviangalia visu vyake viwili vilivyopinda ili kuikumbatia korosho pande zote, akasema itatengenezeka. Akaziunda nyingine kwa mfano wake, kwa fedha za fungu, akitumia springi za lori bovu. Zilikuwa nzuri kuliko ile ya sanduku, na hazikuwa na maandishi ya Kiingereza ya kuwatisha watu.

Tulifungua mafunzo asubuhi moja katika ghala la zamani lililo karibu na soko la Newala. Ghala halikuwa na madawati, kwa hiyo tukatandika mikeka. Mwalimu Tumaini, ambaye usafi wa vyakula ulikuwa imani yake, alimpa kila mama kitambaa cheupe cha kufunika kichwa. Akawaomba wakae mkekani kwa safu, wanyooshe miguu ili kila mmoja amwone vizuri, na wasizungumze mpaka waulizwe. Mama Rashidi akamtazama kwa muda, akaitazama mikeka, akaniangalia mimi. Mimi nikatabasamu kiserikali. Wakakaa. Nikasimama pembeni nikiona safu zile nyeupe, zimetulia, zimenyamaza, nikajiambia kwamba hatimaye nimeona mpango ukifanana na karatasi yake.

Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ungo wa mihogo mikavu akachungulia. Akarudi nyuma hatua moja, akachungulia tena. Kisha akautua ungo chini ili apige kigelegele vizuri.

“Jamani njooni muone! Mwali mwenye wajukuu!”

Soko likaja. Likaja lote, na vibaba mkononi. Wanawake wakaanza kupiga makofi kwa mdundo ambao sikuujua, lakini kila mtu mwingine aliujua, na bibi mmoja akaanzisha wimbo uliowafanya vijana wa kiume waondoke upesi wakitazama chini.

“Mama Rashidi!” mtu akaita. “Utatoka lini, mwanangu? Tukushonee nguo ya kutokea?”

Mama Rashidi akasimama. Akavua kitambaa chake, akakikunja polepole, akakiweka mezani mbele ya Mwalimu Tumaini. “Mwalimu, asante sana,” akasema kwa upole ulionitisha kuliko ngurumo zake. “Huna kosa, wewe ni mgeni. Ila sisi tulishatoka.” Akapita katikati ya kicheko kile kichwa kikiwa juu, na wenzake wote wakamfuata. Vikabaki vitambaa, mikeka, na mtaalamu wa nguvukazi.

Nilirudi ofisini nikiwa na dhana nyingi: posho, ukubwa wa vitambaa, siasa za soko, hata upande ulikoelekea mlango. Mzee Nambunga alinisikiliza akinoa patasi, mpaka akachoka.

“Bwana Mafunzo, kaa chini. Huku mtoto wa kike akiingia unyago, anakuwa mwali. Anakaa mkekani, kanyoosha miguu, kichwa kimefunikwa, kimya, anafundwa na makungwi. Ya ndani siyajui, mimi mwanaume, na hata ningeyajua nisingekwambia wewe uyaandikie ripoti. Mimi najua ya mlangoni tu. Na ya mlangoni ni kwamba aliyetoka, katoka. Ukimkalisha tena pale, mbele ya soko zima, unasema waliomfunda walikula mchele wa bure. Unamtukana yeye, mama yake na kungwi wake, wote kwa kitambaa kimoja.”

“Kwa hiyo aliyetoka harudi kabisa?”

“Nani kasema? Wanarudi kila msimu. Ila wanarudi kufunda.”

Macho yangu yalikuwa kwenye sanduku la Mwalimu Tumaini pale pembeni, nami nikakumbuka kwamba mashine iliyokuwamo ilitoka kwa saini ya mkufunzi, bila kungoja kuhitimu kwa mtu yeyote. Mkufunzi hupewa kifaa kwanza, ndipo afundishe. Tena kituo kiliruhusiwa kuajiri wakufunzi wa mahali, bila posho, kadiri kitakavyowahitaji. Aliyeandika mwongozo hakuweka ukomo, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba angetokea mwendawazimu wa kuwahitaji wengi.

Kesho yake tulikwenda Mnyambe. Mama Rashidi alikuwa uani akichambua mbaazi, na hakuinuka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umeniletea kitambaa kingine?”

“Hapana, mama. Nimekuja kuwaomba mrudi ghalani. Wote. Kama wakufunzi.”

Akaacha kuchambua. Nikamweleza kila kitu: mashine zingekuwa za wakufunzi, wangezichukua majumbani mwao siku ya kumaliza, na hakuna ambaye angewakalisha popote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo mimi, kwa kufikiri kwangu kote, sikuwa nimelifikiri.

“Sisi tufunde. Sawa. Tumfunde nani?”

Kuku akapita kati yetu.

“Wewe unajua kubangua?” akauliza.

“Nimesoma juu yake.”

“Sikukuuliza kama umesoma.”

Mzee Nambunga akaanza kucheka. Alicheka akishikilia nguzo ya nyumba, machozi yakamtoka, akasema ameishi kuiona siku hii.

“Na huyo anayecheka,” akasema Mama Rashidi. “Anajua?”

Akaacha kucheka.

Ndivyo mafunzo ya Newala yalivyofunguliwa upya, yakiwa na wakufunzi waliojaza ghala na wanagenzi wanne: mimi, Mwalimu Tumaini, mlinzi wa ghala, na Mzee Nambunga, aliyekataa katakata kukaa mkekani, akadai ana goti, akaruhusiwa kukalia debe la mafuta. Vitambaa vyeupe tulivaa wote, kwa kuwa usafi ni usafi. Soko lilikuja tena kutazama, likacheka mpaka likatosheka, lakini safari hii Mama Rashidi na wenzake ndio walioongoza kicheko, na hiyo ndiyo tofauti yote.

Tulifundwa. Tulifundishwa kukaanga korosho mpaka ganda liwe kavu bila moyo kuungua, kuipoza, kupaka viganja mafuta ya nyonyo na majivu kabla ya kugusa chochote, kuiweka kati ya visu kwa upande wake wa mgongo, na kukanyaga pedali kwa uzito wa mguu pasipo hasira ya mguu. Mimi niliikanyaga kwa hasira. Nilikuwa natoa unga.

“Mwali wangu,” Mama Rashidi alikuwa akisema akinisimamia nyuma, “hiyo korosho imekukosea nini?”

“Naipima, mama.”

“Unaipima! Hebu angalieni, anaipima. Ikifa atapima ya pili.”

Wenzake wakaongeza mengine kwa Kimakonde. Niliomba nitafsiriwe, Mzee Nambunga akaniambia kwamba ni ushauri wa kiufundi. Ngozi ya vidole vyangu ilichubuka, ikabanduka, ikaota nyingine. Mwalimu Tumaini alishika upesi, akawa anatoa korosho nzima kama anayemenya ndizi, na akaandika mambo mengi ambayo chuoni kwake hayakuwapo, kama wakufunzi nao walivyoyaandika kichwani mafundisho yake juu ya kuhifadhi korosho isiingie ukungu. Mlinzi alisinzia, lakini kwa nidhamu.

Mwaka wa serikali ulikuwa ukingoni, na mashine zilihitaji saini moja ya mwisho ya Mratibu kutoka makao makuu ili zitoke. Alipaswa kuja siku ya kufunga, tukiwa tumejipanga. Akaja mapema. Gari lilisimama mlangoni, akaingia mtu mrefu aliyevaa suti ya Kaunda, akasimama akizoesha macho. Aliona wanawake wengi wamesimama na mashine zao, na watu wanne chini wenye vitambaa vyeupe kichwani.

“Yuko wapi Afisa Mafunzo?”

Nikanyoosha mkono kutoka mkekani.

“Hujaruhusiwa kusema,” akasema Mama Rashidi, kwa mazoea. Kisha akaona gari. “Haya, sema.”

Nikasimama, nikamsalimu, nikamweleza. Nilieleza kwa usahihi mkubwa, na kila nilivyozidi kuwa sahihi ndivyo uso wake ulivyozidi kufunga.

“Hawa wote ni wakufunzi?”

“Ndiyo, Bwana Mratibu.”

“Na wanagenzi?”

“Ni sisi.”

“Nyinyi ni watumishi. Isipokuwa huyu aliyelala.”

“Huyu naye ni mtumishi, Bwana Mratibu. Ni mlinzi.”

Akavua miwani. “Kijana, uwiano huu nitaueleza vipi?”

“Uwiano wa wakufunzi kwa mwanagenzi hapa Newala,” nikasema, “ni bora kuliko wa chuo kikuu chochote ninachokijua.”

Halikuwa jibu la busara. Alilifunga faili, akasema kwa sauti ya chini kwamba atalazimika kurudisha fungu, na kwamba mimi na yeye tutazungumza. Niliona mikono yenye madoa ikiachia mashine moja baada ya nyingine. Nikatafuta hoja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kitaaluma, sikuwa na hata moja.

Mama Rashidi hakutafuta hoja. “Baba,” akasema, “umetoka mbali na jua hili. Kaa kwanza upumzike, hata hujanywa maji.”

Mratibu alikuwa mtu wa adabu, na mgeni aliyeombwa akae hawezi kukataa. Akatafuta kiti. Hakikuwapo. Debe lilikuwa na Mzee Nambunga, ambaye ghafla goti lilimzidi. Basi Mratibu akakunja suti yake, akakaa mkekani, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa mirefu, akainyoosha. Mama mmoja akamletea kikombe cha maji. Mwingine akamtandazia kitambaa cheupe kichwani na kumweleza kwamba ni kanuni ya wizara. Mwalimu Tumaini akathibitisha kwamba ni kweli, ni kanuni ya wizara. Mashine ikasogezwa mbele yake. Sijui ni nani aliyeiweka korosho ya kwanza.

Akatoa unga. Ya pili akatoa unga. Mama Rashidi akaushika mguu wake juu ya pedali kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza baiskeli, akasema, “Taratibu, baba. Ngoja yenyewe ikwambie.” Ya tatu ikapasuka kwa mlio mdogo, moyo wa korosho ukatoka mzima, mweupe, umepinda vizuri. Mratibu akauinua juu ya kichwa chake kilichofunikwa, akatuonyesha wote, na uso wake ukawa wa mtu wa miaka saba.

“Nimetoa!”

“Umetoa,” akasema Mama Rashidi. “Usiile. Hiyo ni ya serikali.”

Vigelegele vilivuka barabara. Alibaki pale mpaka mchana, akakataa chakula mara mbili, na alipoondoka vidole vyake vilikuwa vimeanza kuwasha. Aliitia saini fomu ya kutoa mashine juu ya boneti ya gari. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba ripoti yake itasema kituo kimejenga hazina kubwa ya wakufunzi wa mahali. Ilisema hivyo. Mwaka uliofuata vituo vyote nchini viliamriwa kuwa na hazina kubwa ya wakufunzi wa mahali, bila kuelezwa ni kwa nini, na nasikia mahali fulani waliajiri wakufunzi wengi wa ufugaji wa samaki.

Jioni ile wanawake waliondoka Newala na mashine kichwani, kila mmoja na yake, wamezibeba kama wanavyobeba ndoo, mikono ikiwa huru pembeni. Mzee Nambunga alizitazama zikishuka njia ya Mnyambe, akasema, “Unaona? Si sanamu.”

Sitawaambia kwamba wote walitajirika. Baadhi walikosa korosho ghafi walipobanwa na bei za wenye malori. Baadhi waliuza mashine msiba ulipoingia nyumbani. Lakini kwa miaka mingi, kila niliposhuka stendi ya Masasi, nilinunua korosho iliyofungwa vizuri kutoka kwa watu wa Mama Rashidi, na walinipa zilizovunjika, kwa heshima ya kazi yangu.

Vyeti vya makao makuu vilikuwa vya wanagenzi tu, wakufunzi hawakupewa. Kwa hiyo mimi ndiye mwenye cheti. Shahada ya uzamili iko kabatini, mahali fulani. Ukutani kwangu kuna cheti cha ubanguaji, na chini, penye maoni ya mkufunzi, Mama Rashidi alimwamuru Tumaini aandike: “Ana bidii. Asiachwe peke yake.”

Kabla ya kustaafu niliitwa kwenye semina ya kutuandaa kwa maisha baada ya ajira. Afisa kijana, nadhifu, mwenye kompyuta, alitukalisha kwa safu na kutuonyesha ukutani fursa ambazo serikali ingetusaidia kuzisomea. Ya kwanza ilikuwa ufugaji wa samaki. Nilicheka peke yangu mpaka nikaombwa nitoke nje kunywa maji.

Nikiwa nje nikampigia simu Mama Rashidi. Amezeeka sana, sauti haijazeeka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwali wangu. Wanasema unastaafu.”

“Nastaafu, mama. Sasa wanataka kunifunza tena. Nifuge samaki.”

Nikasikia akiwaeleza wajukuu zake, nikasikia ua mzima wa Mnyambe ukicheka. Kisha akarudi kwenye simu.

“Waambie ulishatoka,” akasema. “Wakikutaka, wakuite ukafunde.”

Sikurudi ukumbini. Nilikwenda nyumbani, na ombi lenu la kuandika kumbukumbu likanikuta huko. Haya niliyoyaandika ni ya mlangoni tu. Mkitaka ya ndani, tandikeni mkeka, zimeni simu, nyoosheni miguu. Na kanuni ya wizara mnaijua: kichwa kifunikwe.